Majoho Manane na Mchumba Mmoja

"Mama Pindo, huyo mtu wako utatuonyesha lini?"

Ndivyo alivyouliza jirani yake, Jumatatu moja asubuhi, akiwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha cherehani, chanuo limechomekwa katika nywele zake mwenyewe. Jirani huyo alikuwa msusi. Saluni yake na chumba hicho vilitenganishwa na ukuta mmoja tu, na kwa jinsi habari zilivyotoka kwake zikiwa za moto na zimeshatiwa chumvi, mtaa mzima ulimwita Spika.

Mama Pindo hakuinua uso. Alikuwa na pini mbili midomoni na ukosi wa shati la mtu chini ya sindano. Jina lake naye alipewa na wateja, maana tangu afiwe na mume, miaka tisa sasa, akabaki na cherehani na Mungu wake, hakuna nguo iliyotoka mkononi mwake pindo likiwa limekwenda upande. Alitoa pini moja, akatoa na ya pili, akazichomeka kwenye kijimto.

"Mtu wangu yupi?"

"Huyo anayekuita mpenzi," Spika alisema, akielekeza chanuo kwenye meza ya kukatia. Simu ilikuwa imelala pale kati ya mkasi na chaki, kioo kinawaka. *Mpenzi, umeamkaje? Mimi Kocha wako wa Moyo nimeamka nikikuwaza.*

"Ah, huyo. Huyo ni mtu mmoja mstaarabu sana. Kila siku ananijulia hali."

"Na wewe unamjibu?"

"Sasa mtu anijulie hali, nimnyamazie?"

Spika aliichukua simu bila kuomba, akaanza kuisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo mabega yalivyomtikisika. Mwisho akakaa chini juu ya furushi la vitambaa, machozi yanamtoka kwa kicheko.

"'Nimeamka salama, Mungu ni mwema,'" alisoma kwa sauti. "'Na wewe je, nyumbani hawajambo?' Mama Pindo! Huyu hana nyumbani! Na huyu mwingine, 'Leo tumbo lako linapungua!' Wewe ukajibu, 'Amina, asante kwa kunijali.' Yesu na Maria! 'Timu yako inashuka uwanjani saa kumi.' Ukajibu, 'Nawatakia vijana heri, wasiumizane.'"

"Kuna ubaya gani hapo?"

"Ubaya uko huku chini, kwenye herufi za sisimizi." Spika aliacha kucheka. Aliisogeza simu karibu na macho, na sauti yake ikabadilika. "'Ukijibu ujumbe huu umekubali kuendelea na huduma. Utakatwa kwenye akaunti yako ya simu.' Dada, hawa watu wanakukata. Tena si mmoja, ni watatu. Kila ukisema amina, wanakata."

Mama Pindo aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

Hapa inafaa ijulikane kwamba Mama Pindo alilelewa na bibi yake mzaa mama, mwanamke aliyeweza kukurudisha mwendo wa nusu saa, juani, ukaitikie salamu uliyopita bila kuitikia. Malezi hayo yalimkaa kama mshono wa mara mbili. Marehemu mume wake alikuwa akimtania, "Wewe hata ukijigonga kwenye kiti utakiomba radhi." Na ni kweli alishawahi kufanya hivyo. Salamu aliirudisha, baraka aliiitikia, na pole aliipokea kwa mikono miwili. Simu ilipoanza kumsalimia, hakuona kwa nini adabu ibadilike kwa sababu mwenye kusalimia haonekani.

Yote yalianzia kwenye ukosi. Kwaya ilikuwa imemwagiza majoho thelathini, yenye ukosi wa kusimama, na yeye alikuwa hajawahi kuushona ukosi wa namna ile. Akautafuta mtandaoni. Ukatokea mchoro mzuri, umeandikwa *Bure kabisa*, ukitaka upewe namba ya simu tu. Aliandika namba. Kukawa na kijisanduku cha kugusa, *Nakubali*. Akagusa. Mchoro ukaja, na ulikuwa mzuri kweli, hilo hakulikana hata siku moja. Kesho yake ndipo salamu zikaanza.

"Hebu tazama salio," Spika alisema.

Mama Pindo hakutaka kutazama, ila alitazama. Katika akaunti ile hakukuwa na pesa yake. Ilikuwa ya kwaya, malipo ya awali ya kitambaa, waliyoichanga wenyewe kidogokidogo, wakamkabidhi yeye kwa sababu ni yeye. Haikuwa imetumika kwa kuwa kitambaa cha rangi waliyoitaka kilikuwa hakijafika dukani. Sasa kilikuwa kinaingia Jumamosi, na mwenyekiti wa kwaya alikuwa ameshasema atakuja waende wote wakakichukue.

Alipiga hesabu kwa namna anayoijua, kwa vitambaa. Akapiga tena.

"Yamekwenda majoho manane," alisema taratibu.

"Manane!"

"Thelathini walinipa. Pesa ya majoho ishirini na mawili ndiyo iliyobaki. Waimbaji wanane niwavike nini, majani?" Alishika tama. "Na mwenyekiti nitamwambia pesa imekwenda wapi? Kwa Kocha wa Moyo? Mjane, mwanamke wa sala, nimekula pesa ya kwaya na kocha wa mapenzi?"

Kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule, Spika hakuwa na la kusema. Hilo lilimtisha Mama Pindo kuliko lile salio.

---

Kujitoa kulikuwa rahisi, ndivyo ilivyoandikwa. Unatuma neno ONDOA, basi. Spika alilituma yeye mwenyewe, kwa zote tatu, akamrudishia simu na kumwachia onyo, "Usiguse kitu. Nina kichwa cha mtu nusu kimesukwa nusu msitu, nakuja."

Jibu halikuchelewa. *Tumepokea. Tunasikitika kukupoteza, mpenzi. Tunakutakia maisha mema.*

Mama Pindo aliusoma ujumbe ule mara mbili. Alirudi kwenye cherehani, akakanyaga mshono wa mkono mzima wa shati. Akausoma tena. Mtu ameagwa vizuri hivyo, halafu aondoke amekaza shingo? Kidole gumba kikatembea chenyewe: *Nami nawatakia mema, Mungu awalinde.*

Simu ikalia. *Hongera! Umejiunga tena na Kocha wa Moyo.*

Spika aliporudi alishika kichwa kama aliyefiwa. Wakatuma ONDOA ya pili. Safari hii simu ilifungiwa ndani ya droo ya vifungo, na ufunguo akawa nao Spika. Ilikaa humo hadi alasiri, mteja mmoja alipokuja kudai gauni lake na ikabidi droo ifunguliwe kwa ajili ya kishikizo cha mgongoni. *Bado tunasikitika,* kioo kilisema. Mama Pindo akaona wale watu wamekaa na majonzi tangu asubuhi kwa sababu yake. *Msisikitike jamani, si kwa ubaya.*

*Hongera!*

"Wewe mwanamke," Spika alisema, ameishiwa nguvu, "wewe ungemjibu hata jogoo."

"Jogoo hasemi anasikitika."

"Nipe hiyo simu. Nipe! Leo nitasoma vigezo na masharti yao yote, hata kama nywele za mji mzima zitabaki timutimu."

Akasoma kweli. Spika aliyasoma masharti yale kama asomavyo barua ya mtu mwingine, kwa shauku, haruki hata mstari. Kwenye ukurasa wa kumi na kitu akapiga yowe, hadi mteja wake akatoka saluni na taulo shingoni kuja kuona nani kaungua.

"Sikiliza! 'Kocha wa Moyo anakuhakikishia utapata mchumba ndani ya siku thelathini. Usipompata, fika katika ofisi yetu, nasi tutakurudishia pesa yako yote uliyokatwa.'"

"Soma tena," alisema Mama Pindo.

Akasoma tena.

Mama Pindo aliinuka, akachukua daftari la vipimo. Kila kitu alichokikata katika maisha yake kiliandikwa humo na tarehe yake. Alifunua hadi kwenye ule ukosi wa kusimama, akaweka kidole, akahesabu kimyakimya akifuata siku. Kisha akachukua pini mbili, akazibana midomoni, na upande mmoja wa mdomo ukapanda kidogo. Wanaomfahamu walijua kwamba hapo ndipo pa kumwogopa.

"Alhamisi," alisema katikati ya pini, "itakuwa siku ya thelathini na moja."

"Utakwenda kuwaambia unataka mchumba? Wewe?"

"Uongo sisemi. Sitasema namtaka. Nitauliza tu yuko wapi."

---

Ofisi ile ilikuwa na milango ya kioo, baridi ya mashine, na viti vya plastiki vilivyounganishwa. Mlinzi aliwapa kikaratasi, namba arobaini na nane. Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja amekumbatia simu yake kama mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari. Mama Pindo alikuwa amevaa gauni lake la ibada, kilemba kimekaa sawasawa, na mfuko wake wa kazi begani. Spika alikuwa amevaa kila alichonacho.

Mhudumu wa kaunta ya tatu alikuwa amevaa tai. Mama Pindo aliiona kabla ya kumwona mwenyewe, kwa sababu mshono wa nyuma ulikuwa umefumuka.

"Karibu mama. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kumchukua mchumba wangu."

Mhudumu alitabasamu, akidhani hakusikia vizuri. "Anafanya kazi kitengo gani?"

"Hilo mnalijua ninyi. Mmeniahidi siku thelathini. Jana zimetimia." Alitoa daftari, akalifungua, akaligeuza limtazame mhudumu. "Hii ndiyo tarehe. Niliiandika siku ileile niliyogusa *Nakubali*."

"Sisi ni upande wa familia," Spika alidakia, kwa sauti iliyofika hadi kwa mlinzi. "Tumekuja kumpokea shemeji. Ana urefu gani? Dada ana kitambaa cha suruali nyumbani, na futi amekuja nayo, ampime kabisa asipate taabu ya kurudi."

Na kweli Mama Pindo alikuwa ameshaitoa futi kwenye mfuko. Aliining'iniza shingoni, akasubiri.

Viti vya plastiki vililia kwa pamoja. Watu waliokuwa wamesinzia walizinduka.

"Mama," mhudumu alishusha sauti, "mfumo unaonyesha ulikubali huduma mwenyewe. Mara tisini na tatu."

"Nilikuwa naitikia salamu."

"Tena Jumatatu ulijitoa, ukajiunga upya. Kwa hiyo siku zako thelathini zinaanza kuhesabiwa Jumatatu."

Spika alifungua mdomo. Mama Pindo alimgusa mkono, naye akaufunga.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "hiyo Jumatatu nilipojitoa, pesa ziliacha kukatwa?"

Mhudumu alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena. "Hapana... ziliendelea."

"Makato hayakusimama hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Basi kama pesa hazikujua kwamba niliondoka, siku zimejuaje?"

"Haya!" mtu alipiga kelele huko nyuma. Mzee mmoja wa miwani, aliyekuwa amekaa na kikaratasi chake kwenye goti, alinyoosha mkono. "Dada, kama huyo bwana hayupo, mimi hapa ni namba hamsini na tatu. Nasubiri tu zamu yangu." Ofisi nzima ikaangua kicheko, na Mama Pindo, kwa kuwa ni Mama Pindo, aligeuka akamshukuru.

Jasho jembamba lilianza kumtoka mhudumu, baridi ile yote. "Mama, nikueleze ukweli. Huyo kocha si mtu. Ni mashine."

"Mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Mashine ndiyo iliyokuwa inaamka ikiniwaza?"

"Mungu wangu!" mama mmoja mwenye kikapu alisimama. "Hata mimi inaniwaza! Hebu nitazamieni na yangu, kwani nami nakatwa." Akasimama na wa pili, anayeambiwa tumbo linapungua. Akasimama na fundi bomba mmoja, mwili kama mlango, akakiri kwa aibu kwamba kila siku huitwa malkia. Simu zikaanza kupita mkono kwa mkono. Hapo meneja akatoka ndani.

Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye viatu vya kung'aa na sauti laini kama sabuni ya maji. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaomba radhi kwa usumbufu. Pesa itarudi, alisema, ndani ya siku kumi na nne za kazi. Tena ya kocha tu, maana tumbo na mpira ni huduma nyingine.

Mama Pindo alihesabu. Siku kumi na nne zilikuwa mbali sana na Jumamosi. Alimwona mwenyekiti wa kwaya amesimama mlangoni kwake na pochi kwapani. Ila uso wake haukusema kitu.

"Imeandikwa *pesa yako yote uliyokatwa*," alisema. "Haikuandikwa *ya kocha*. Msomee, jirani."

Spika akasoma. Alisoma kama anatangaza matokeo ya uchaguzi.

"Nimeelewa," alisema meneja, "ila taratibu zetu..."

"Taratibu zifuate. Mimi sina haraka. Nitamsubiri mchumba hapahapa, huenda akapita."

Alikwenda kukaa kwenye kiti cha mbele kabisa, kinachotazamana na mlango, akatoa gauni la mteja kwenye mfuko, akatunga uzi, akaanza kupiga pindo kwa mkono. Kila aliyeingia aliuliza yule mama mshonaji amekaa pale kwa nini, na kila aliyeuliza alijibiwa na Spika, kuanzia ukosi wa kusimama. Kila mara aliposimulia, kocha alizidi kuwa mtamu wa maneno. Kufikia mara ya sita alikuwa ameshaahidi nyumba. Waliosikia hawakuondoka. Walikaa kungoja kumwona bwana harusi, na mlinzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapanga watu, alivuta kiti akakaa nao.

Pindo lilikuwa limefika nusu meneja alipotoka mara ya pili. Safari hii hakuwa na sabuni sautini.

"Mpe," alimwambia mhudumu. "Yote. Sasa hivi."

Simu ililia. Mama Pindo alikata uzi kwa meno, akasoma salio, akahesabu kwa vitambaa kidole kwa kidole. Thelathini. Alihesabu tena, maana yeye ndivyo alivyo. Thelathini, na ukosi wake. Akafumba macho kidogo, midomo ikacheza bila sauti, kisha akasogea kaunta na mfuko wake.

"Na huduma zote tumeziondoa," alisema mhudumu. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe, na kwenye kioo cha kompyuta mbele yake kijisanduku kilikuwa kinapepesa. Mama Pindo alikiona. Kilifanana na kile cha siku ya ukosi kama pacha. "Jambo moja tu la mwisho, mama. Ungependa tuwe tunakutumia salamu za kila wiki, pamoja na ofa zetu? Hizi ni bure kabisa."

Spika alivuta pumzi, akaishikilia.

Mama Pindo aliikunja futi, akaitia mfukoni. Akalikunja gauni la mteja. Alipofika kwenye kijimto cha pini alichokuja nacho alisita, akachomoa mbili, akazibana midomoni.

Meneja aliona amenyamaza, akadhani amekasirika. Akaja mbele ya kaunta, mkono kifuani, akajitahidi kuurudisha ulaini wake. "Haya mama yangu, tusamehe. Mungu akubariki. Utusalimie nyumbani."

Amina ilimpanda kooni. Ikafika kwenye meno. Katika umri wake wote hakuwa ameiacha baraka hewani, na bibi yake, huko aliko, bila shaka alikuwa ameshika kiuno anamtazama. Mama Pindo aliangalia kidole cha mhudumu kilichokuwa bado juu ya kitufe, akazibana pini kwa nguvu zaidi. Amina yake akaipeleka moja kwa moja kwa Mwenyezi Mungu mwenyewe, isipitie kwenye mfumo wa mtu.

Ndani ya mfuko simu ilitetemeka, bila shaka mtu fulani anasikitika. Hakuitazama. Aliuweka mfuko begani, akampita meneja, akampita mzee wa namba hamsini na tatu aliyekuwa amevua miwani kwa heshima, akausukuma mlango wa kioo kwa kiwiko, akatoka bila kusema neno.